Nafasi Moja ya Chasembe

Karibuni mkae. Walio wadogo wasogee mbele, walio wakubwa wasikie hata wakiwa nyuma, na kila mtu aje na akili yake, maana kisa hiki mimi nitakifikisha mahali fulani tu, halafu nitawaachia ninyi. Ni kisa cha walimu watatu waliookoa shule moja, na ajira iliyokuja baadaye ikawa ya mtu mmoja.

Shule yenyewe ni Shule ya Msingi Chasembe, shule ya serikali, huko kwenye nchi kavu ya mtama na alizeti. Walimu hao watatu walikuwa wamesomea ualimu, vyeti wanavyo, lakini hakuna aliyekuwa ameajiriwa. Walikuwa walimu wa kujitolea. Wazazi waliwachangia mahindi na hela kidogo ya sabuni, nao waliingia darasani kila asubuhi huku wakingoja ajira mwaka wa tatu, wa nne, wa sita. Mwajiriwa pale alikuwa mmoja tu, mwalimu mkuu, mama Perpetua Chiwanga.

Wa kwanza kati ya hao watatu aliitwa Nkwimba Lusasa, binti wa Kisukuma wa miaka ishirini na saba. Kipaji chake kilikuwa watu. Nkwimba akiingia nyumba asiyoijua, kabla chai haijapoa mama mwenye nyumba ameshaanza kumweleza alivyogombana na wifi yake. Wala si kwamba alikuwa na maneno mengi. Alijua kukaa, akasikiliza, asiwe na haraka ya kuondoka.

Wa pili aliitwa Fidelis Haule, kijana wa kusini, baba wa mtoto mmoja aliyekuwa huko kwao na mama yake. Kipaji chake kilikuwa kusomesha wanaoanza. Mletee mtoto anayeshika kitabu kichwa chini miguu juu, na baada ya miezi mitatu mtoto huyo atakusomea gazeti. Hakuwa akipandisha sauti. Mtoto akikosea, Fidelis aliinamisha kichwa kama vile aliyekosea ni yeye, halafu wanaanza upya.

Wa tatu aliitwa Rajabu Mnyenye, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, aliyeoa hapo hapo kijijini. Kabla ya kwenda chuo cha ualimu alikuwa fundi, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alifundisha hisabati madarasa ya juu, na kengele ikilia alikuwa juu ya paa, au chini ya dawati, au ndani ya shimo la choo akipanga mawe. Kitu kibovu kilimkera kama jino linalouma.

Basi, ikawa miaka miwili mfululizo mvua haikunyesha ya kutosha. Familia nyingi za Chasembe zilifunga milango zikahamia mijini, na watoto wakaenda nazo. Shule iliyokuwa na wanafunzi mia tatu na arobaini ikabaki na mia moja themanini na wanane. Mwezi wa kwanza ikaja barua ya halmashauri. Mama Chiwanga aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

Barua ilisema kuwa shule yenye wanafunzi chini ya mia mbili na hamsini haitapewa mwalimu wala fedha. Itaunganishwa na shule nyingine. Chasembe itaunganishwa na Mtapa. Wadhibiti ubora wa shule watakuja Alhamisi ya wiki ya tatu ya mwezi Machi, na wataangalia mambo mawili. La kwanza, wanafunzi mia mbili na hamsini wawepo shuleni kwa miili yao, si kwa majina daftarini. La pili, zaidi ya nusu ya darasa la pili wawe wanajua kusoma. Yakitimia yote mawili shule itabaki, na kwa kuwa idadi ya watoto itakuwa imepanda, itaongezewa nafasi moja ya mwalimu, mkataba wenye mshahara kamili wa serikali. Likikosekana moja, milango ifungwe.

Mtapa iko kilomita kumi na moja kutoka Chasembe, na katikati ni pori. Mama Chiwanga aliijua njia ile. Alisoma Mtapa utotoni, wakati Chasembe haijajengwa. Walianza darasa la kwanza thelathini na wawili kutoka Chasembe, na waliomaliza darasa la saba walikuwa wanne. Wengine walichoka, wengine waliozwa, na mmoja, Sechelela, alipotea njiani siku ya mvua kubwa, akapatikana baada ya siku mbili akiwa hai lakini haongei. Hakurudi tena shule.

Akawaita walimu wake watatu ofisini, akawasomea barua.

"Tunahitaji watoto sitini na wawili," akasema. "Na wiki tisa tulizonazo hazitoshi kuzaa."

"Watoto wapo," Nkwimba akasema.

"Wako wapi?"

"Ng'ambo ya korongo la Lukali. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia mwaka juzi. Nimeona watoto wengi na hakuna hata mmoja anayesoma."

"Wale hawajui Kiswahili," Fidelis akasema. "Wakija, watasomaje?"

"Na korongo likijaa," Rajabu akasema, "watavukaje?"

Mama Chiwanga akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Kila aliyesema akalishughulikie alilolisema."

Ndivyo walivyogawana kazi.

Nkwimba alianza siku hiyo hiyo. Kila alipomaliza kipindi cha mwisho alivuka mchanga wa korongo akaenda kwenye maboma ya wafugaji. Mzee wa kwanza alimwambia wazi, "Mtoto akienda kusoma, ng'ombe atachunga nani? Wewe?" Nkwimba hakubishana. Alikaa na wake za mzee huyo, akawasaidia kutwanga, akasikiliza kesi zao za maji na za waume, akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya pili wakaanza kumwita binti yetu. Wiki ya tatu akina mama wenyewe walikaa na waume zao wakapanga zamu za kuchunga: mkubwa wa kila nyumba achunge asubuhi, wadogo waende shule. Siku ya kwanza Nkwimba alirudi na watoto tisa. Mwisho wa Februari walikuwa sabini na watatu.

Fidelis aliwapokea. Wengi wao waliijua kila alama kwenye ngozi ya ng'ombe lakini hawakujua kuomba ruhusa ya kwenda kujisaidia kwa Kiswahili. Na si hilo tu. Wazazi wa kijijini walikuja juu. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Chilongani, alisimama kwenye mkutano akasema, "Ng'ombe wao walikula mtama wetu. Sasa watoto wao wanakalia madawati yetu. Wanetu wataanza tena a, e, i, o, u kwa sababu ya wageni?" Watu wakapiga makofi. Baadhi walisema wazi kuwa watawatoa watoto wao. Fidelis hakujibu mkutanoni. Alichofanya ni kumkalisha kila mtoto mgeni na mtoto mwenyeji dawati moja, na mwenyeji ndiye aliyekuwa na kazi ya kumfundisha mwenzake alichofundishwa. Kumbe mtoto anayefundisha anajifunza mara mbili. Baada ya mwezi mmoja, mzee Chilongani alimsikia mjukuu wake akimsomea mama yake maandishi ya mfuko wa mbolea, hata yale madogo ya chini. Mkutano uliofuata mzee hakuleta tena hoja ya madawati.

Rajabu naye alikwenda kulitazama korongo. Wakati wa kiangazi Lukali ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala katikati. Lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama kwenu jua linawaka, maji huja kwa mkupuo na kubeba gogo kama njiti ya kiberiti. Mafundi waliojenga mnara wa simu walikuwa wameacha nyaya nene za chuma nyuma ya ofisi ya kijiji. Rajabu akaziomba. Akachimba mashimo kila upande, akasimika nguzo, akavuta nyaya mbili chini na mbili za kushikilia, akapanga mbao za kukanyaga moja moja. Alifanya kazi hiyo jioni zote na siku zote za mapumziko kwa wiki sita, na mkewe akimletea chakula huko huko. Alipomaliza alivuka mwenyewe mara kumi. Kivuko kilitulia. Lakini chini yake kulikuwa na mchanga mkavu, na Rajabu alijua kuwa mchanga mkavu hauthibitishi lolote.

Siku zikasogea. Mama Chiwanga aliacha kula mchana. Kila asubuhi alihesabu watoto mstarini, akichezesha mdomo tu bila sauti, na akipata pungufu alianza tena upya kutoka mwanzo. Wiki ile ya tatu ya Machi watoto wawili, mmoja wa kijijini na mmoja wa ng'ambo, wakaugua tetekuwanga, na mama Chiwanga akashinda anatazama mikono na shingo za wengine wote.

Jumatano alasiri mawingu yakajikusanya upande wa milimani, meusi, yamelala chini. Nkwimba aliyaona. Alichukua kanga yake akavuka Lukali kabla mvua haijaanza, akaenda kulala kwa wafugaji.

Asubuhi ya Alhamisi, Lukali lilikuwa limejaa.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mambo matatu yalitokea kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake.

Shuleni, gari la wadhibiti lilifika saa mbili na nusu badala ya saa nne. Dereva aliogopa barabara itafungwa na mvua, akataka wawe wameondoka kabla ya saa tano. Alishuka mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyeitwa Odilia Mtweve, na kijana wa kuandika. Wakapanga watoto mstarini wakahesabu. Mia moja themanini na wawili, maana wachache wa kijijini walizuiwa na mvua.

"Wengine wako wapi?" mama Mtweve akauliza.

"Wako njiani," mama Chiwanga akasema. "Korongo limejaa."

"Pole, mama. Lakini maelekezo ni waliopo." Akafunga faili.

Hapo Fidelis akasogea. "Shikamoo, mama. Bado hamjawasikiliza wakisoma."

"Marahaba. Idadi haijatimia, mwalimu. Kusoma kutasaidia nini?"

"Barua ilisema mambo mawili. Mmeangalia moja. Mkiondoka sasa, taarifa yenu itakuwa nusu."

Yule mama akamtazama, akatazama saa yake. "Dakika kumi."

Wakaingia darasa la pili. Fidelis akamwinua msichana mmoja aitwaye Nyemo, naye akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mama Mtweve akatikisa kichwa. "Huyu amekariri. Wote mnawakaririsha kitabu kimoja." Akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya dawa yake mwenyewe, akampa mtoto. "Soma hapa."

Nyemo akaigeuza pakiti, akasoma. "Meza vidonge viwili, kutwa mara mbili, baada ya chakula. Weka mbali na watoto." Akainua macho. "Mama, unaumwa?"

Mama Mtweve akacheka mpaka akavua miwani. "Presha, mwanangu. Ninyi ndio mnaonipandishia." Akamwita mwingine. Akamwita mwingine tena. Akatafuta mkobani risiti, akatafuta barua, akatafuta tangazo la msiba, na kila alichotoa kilisomwa. Dakika kumi zikawa ishirini, zikawa arobaini. Dereva alipiga honi mara mbili, akapuuzwa. Fidelis alisimama nyuma ya darasa, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kila akipata nafasi alichungulia dirishani. Njia ya kutokea Lukali ilikuwa tupu.

Ng'amboni, Nkwimba alikuwa amesimama na watoto sabini na wawili wenye sare na akina mama zao. Maji yalikuwa yanapita chini ya kivuko yakinguruma, rangi ya chai ya maziwa, yakitupa matawi. Hakuna mama aliyetaka kusogea. Mmoja, aitwaye Holo, alikuwa amekaa chini, amemshika mwanawe Minza kwa mikono miwili.

"Mwalimu, wewe huna mtoto," Holo akasema. "Huwezi kujua unachoniomba."

"Ni kweli," Nkwimba akasema. "Sina."

Akavua viatu, akapanda kivuko peke yake, akavuka polepole mpaka upande wa pili, akageuka, akarudi. Akaja akakaa chini kwenye matope karibu na Holo, akakaa tu. Akina mama wengine wakamtazama Holo. Muda ukapita, lakini Nkwimba hakusema fanya haraka.

Mwisho Holo akainuka. "Utamshika wewe mwenyewe?"

"Nitamshika mimi mwenyewe."

Minza akavuka akiwa ameshikwa mkono na Nkwimba. Wakafuata wengine, watano watano, Nkwimba akienda na kurudi, na kurudi tena. Baba mmoja alikatalia watoto wake watatu, naye Nkwimba akamwitikia kwa heshima akamwacha.

Na hapo kivukoni, upande wa shule, alikuwepo Rajabu tangu alfajiri. Kundi la tatu lilipokuwa katikati aliona ardhi chini ya nguzo ya kushoto inalainika na nguzo inaanza kuinama. Angepiga kelele watoto wangeshtuka. Hakupiga. Alishuka kwenye matope mpaka kiunoni, akauzungusha waya mgongoni mwake, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, miguu ameikita kwenye mwamba. Waya ulichana shati, ukachana na ngozi. Mkewe alikimbia kuita watu, na mzee Chilongani na wanaume wengine walipofika na kamba, mtoto wa mwisho alikuwa ameshashuka, na Rajabu alikuwa hawezi tena kufungua vidole. Walimfungua wao, kimoja kimoja.

Saa tatu na dakika hamsini, mama Mtweve akiwa ameinuka kuaga, mama Chiwanga aliona mstari wa watoto unatokea kwenye vichaka, wamelowa, wengine peku, Nkwimba mbele.

Wakahesabiwa. Sitini na tisa. Kijana wa kuandika akajumlisha, akarudia kujumlisha, mama Chiwanga akiwa ameshika fremu ya mlango. Mia mbili hamsini na moja.

Lakini darasa la pili sasa lilikuwa limeongezeka, na idadi ya kuvuka nusu ilikuwa imepanda. Mama Mtweve akarudi kukaa. Waliolowa wakasoma nao. Walisoma polepole kuliko wenzao, wakikata maneno vipande vipande, lakini walisoma. Minza alipofika neno "tutawahifadhi" alisimama, akalitazama, akalitamka silabi kwa silabi mpaka likaisha, kisha akalirudia lote kwa mkupuo. Zaidi ya nusu, kwa watoto wanne tu.

Shule ikabaki.

Mnaweza kudhani kisa kimeisha hapo, watu wakala wakafurahi. Wiki tatu baadaye ikaja fomu ya nafasi. Mwalimu mkuu aandike jina moja, mwenye sifa, liwasilishwe kabla ya saa kumi siku ya Ijumaa.

Mama Chiwanga akampigia simu afisa elimu kata. "Baba, naweza kuandika majina matatu, wagawane mkataba?"

"Fomu yenye majina mawili inarudishwa, mama, na nafasi inahamia shule nyingine. Andika moja."

"Na mwakani kuna nyingine?"

"Mwakani sijui. Tena wadhibiti watarudi Machi kuangalia yale yale. Idadi ikishuka, mnaunganishwa."

Akaweka simu. Usingizi ukampaa. Asubuhi akamwita Rajabu kwanza. Mgongo wake ulikuwa bado una bandeji.

"Mwezi wa nane natimiza arobaini na mitano," Rajabu akasema. "Baada ya hapo serikali hainichukui tena kwa ajira mpya. Hii ndiyo ya mwisho kwangu. Sikulazimishi, mama. Nakuambia tarehe tu." Akafika mlangoni akageuka. "Na ile nguzo lazima isimikwe upya kabla ya mvua za mwaka ujao. Ajira isipopatikana nitarudi kwenye ufundi mjini, maana wanangu wanakula kila siku. Sijui nani ataisimika."

Akamwita Fidelis. Fidelis aliweka barua mezani. Shule binafsi ya mjini ilikuwa inamtaka, ikamtaka ajibu Jumatatu.

"Mwanangu ana mwaka na nusu," akasema. "Nimemwona mara mbili. Mara ya pili alinikimbia." Akaisogeza barua pembeni. "Ukiniandika, nitamleta yeye na mama yake hapa, na darasa la pili la mwakani litasoma kama hili. Usiponiandika, nitakwenda. Nisamehe, mama, mwaka mwingine wa hivi siuwezi."

Akamwita Nkwimba.

"Mimi sina tarehe wala barua," akasema. "Baba anataka nirudi nyumbani nikasimamie duka lake. Anasema miaka minne ya kufundisha bure inatosha, na siwezi kumwambia amekosea." Akakunja kanga yake mapajani. "Kinachonikosesha raha ni Holo. Aliuliza kama nitamshika mwanawe mimi mwenyewe. Hakuuliza kama shule itamshika. Nikiondoka, wale akina mama hawatanung'unika. Watakaa kimya, na asubuhi moja utaona madawati yao matupu."

Maneno yakaenea kijijini. Kamati ya shule ikaja ikiongozwa na mzee Chilongani: aandikwe Rajabu, yeye ni wetu, amemwaga damu mbele ya macho yetu. Akina mama wa ng'ambo wakavuka kwa kundi, wakakaa nje ya ofisi, na Holo akasema kwa Kiswahili chake kichache, "Sisi tunamjua mmoja tu." Na wazazi wa darasa la pili wakaleta ujumbe wao: nguzo inaweza kusimikwa na fundi yeyote, na watu wanaweza kubembelezwa na yeyote mwenye subira, lakini mwalimu anayefanya mtoto asome mtamtoa wapi?

Wengine wakawajibu: wangesoma nini watoto wasingekuwepo? Wengine wakasema: wangekuwepo vipi bila kivuko? Na wengine: kivuko kilikuwepo tangu alfajiri, mbona hakuna aliyepanda mpaka Nkwimba alipopanda?

Ijumaa ikafika. Saa tisa na nusu, afisa elimu kata alikuwa nje juu ya pikipiki yake, injini inaunguruma. Walimu wote watatu walikuwa madarasani. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyechungulia. Mama Chiwanga alikuwa peke yake, kalamu mkononi, na kwenye fomu mstari mmoja wa jina. Akimwandika Rajabu, anamlipa mtu ambaye hatapata nafasi nyingine maishani, lakini Machi watoto watavuka wakasome kwa nani? Akimwandika Fidelis, watoto watasoma, lakini wataletwa na nani, na watapita wapi? Akimwandika Nkwimba, madawati yatajaa, lakini yatajaa watoto wasiosoma, wanaovuka kwenye nguzo iliyoinama.

Mimi nimesema yangu. Sasa semeni ninyi, mliokaa mbele na mliokaa nyuma. Bila Nkwimba hakuna mtoto ambaye angekanyaga ubao wa kivuko. Bila Fidelis wadhibiti wangekuwa wameshaondoka. Bila Rajabu pasingekuwa na ubao wa kukanyaga. Mngeandika jina la nani? Na mkishaandika, mtakapotoka nje ya ofisi ile na kukutana na wale wawili mlangoni, mtawaambia nini?